Nachingwea na Ruangwa si mahali pa adhabu

Leo nataka tuzungumze juu ya kiti kimoja ambacho sisi tunaokaa mjini hatukifikirii kabisa mpaka siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa. Nacho ni kiti cha Afisa Elimu wa Wilaya. Na ili mazungumzo yetu yasielee hewani, nitakiweka kiti hicho mahali pawili panapojulikana, Nachingwea na Ruangwa, katika Mkoa wa Lindi. Simzungumzii mtu yeyote aliyekikalia leo wala jana. Nakizungumzia kiti chenyewe, na namna tunavyompata mtu wa kukikalia.

Katika ofisi zetu kuna tishio la siku nyingi. Mtumishi akichelewa kazini, akigombana na mkubwa wake, au hesabu zake zikipinda, huambiwa, "Endelea hivyo hivyo, utajikuta Lindi." Anayeambiwa hunyamaza. Na zamani alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, basi la kwenda Kusini lilitegemea kivuko cha Ndundu, na mvua za masika zikipamba moto abiria walilala njiani pamoja na mizigo yao. Mtu aliyepangiwa kazi Nachingwea aliagwa kama anayekwenda vitani.

Daraja limejengwa, lami imefika Lindi, lakini tishio limebaki. Swali langu la leo ni hili. Mtumishi aliyeharibu kazi Dar es Salaam akipelekwa Nachingwea kama adhabu, hasa anayeadhibiwa ni nani? Mtumishi atanuna, atafunga virago, na baada ya muda atatafuta mtu wa kumrudisha. Lakini mtoto wa Kilimarondo au wa Mbekenyera hakutenda kosa lolote. Yeye ndiye anayepewa mtu ambaye sisi tumeshamkataa.

Hebu kwanza tuielewe kazi yenyewe. Mtoto anamjua mwalimu wake. Mzazi anamjua mwalimu mkuu. Afisa Elimu wa Wilaya wanamjua wachache, maana yeye hafundishi darasa lolote. Lakini ndiye anayeamua mwalimu yupi aende shule ipi ndani ya wilaya, kwa hiyo ndiye anayeweza kuifanya shule ya mjini iwe na walimu 20 na ya pembezoni iwe na watatu. Ndiye anayepeleka makadirio ya elimu mbele ya Halmashauri na kuyatetea. Ndiye anayesimamia mtihani wa darasa la saba usivuje. Ndiye anayesikiliza malalamiko ya mwalimu ambaye hajapandishwa daraja kwa miaka kadhaa. Na ndiye anayepaswa kwenda kuzungumza na mwenyekiti wa kijiji ambacho watoto wake hawaonekani darasani wakati wa mavuno. Chini yake wako maafisa elimu wa kata, na chini ya hao wako walimu wakuu. Akilegea yeye, ulegevu huo unateremka ngazi kwa ngazi mpaka kwenye dawati.

Kiti hicho pia kina mabwana wengi. Sera na mitaala hutoka Wizara ya Elimu. Usimamizi wa shule uko TAMISEMI. Bwana wa kila siku ni Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ambaye ndiye mwenye fungu la fedha na funguo za gari. Nidhamu ya walimu na kupandishwa kwao ni mambo ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Wathibiti ubora, wale tuliozoea kuwaita wakaguzi, ni watu wa Wizara na hawako chini yake. Isitoshe, yuko Mkuu wa Wilaya, na wapo madiwani, kila mmoja na shule yake anayotaka ipauliwe kwanza. Kazi hii haimfai mtu aliyekata tamaa. Inamtaka mtu mwenye busara, mwenye subira, na mwenye sababu ya kuamka asubuhi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Wakati wa ukoloni shule nyingi za Kusini zilikuwa za misheni, hasa za Wabenediktini wa Ndanda na za Waanglikana wa Masasi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka mikononi mwa Serikali. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, na halmashauri zikavunjwa. Zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Mwaka 2009 shule za sekondari nazo zikakabidhiwa kwa halmashauri, na ndiyo sababu siku hizi wilaya moja ina wakuu wawili wa elimu, mmoja wa shule za awali na msingi, mwingine wa sekondari.

Kwa hiyo shule zimeteremshwa hadi wilayani. Lakini uteuzi wa anayezisimamia haukuteremka pamoja nazo. Halmashauri ya Ruangwa haitangazi gazetini kwamba inatafuta Afisa Elimu, wala haiketi mezani kuwahoji waombaji watatu ili imchague mmoja. Kwa kawaida mtu huletwa kwa barua kutoka juu. Anaripoti, anaonyeshwa meza, anapewa mafaili.

Utaratibu huo una faida yake, na tusiibeze. Taifa hili lilijengwa kwa kuchanganya watu. Mwalimu kutoka Kilimanjaro akafanya kazi Masasi, na wa Masasi akaenda Bukoba, wakaoa huko, wakazika huko. Kama kila wilaya ingeachiwa ijichagulie, huenda leo tungekuwa na wilaya ambazo kila mwenye cheo ni binamu wa mwenzake. Hata hivyo barua ina uwezo wake na ina mwisho wake. Barua inaweza kumfikisha mtu Nachingwea. Haiwezi kumkalisha.

Sasa tuitazame Nachingwea yenyewe, maana wako wanaodhani ni pori lisilo na historia. Mwaka 1947 Waingereza walianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na matrekta, wakajenga nyumba, wakajenga bandari ya Mtwara, wakalaza reli kutoka pwani hadi Nachingwea. Wataalamu waliacha makwao Ulaya wakaja kukaa huko. Kwa nini walikuja? Kwa sababu waliandaliwa mahali pa kulala, chombo cha kupanda, na mshahara wa kuridhisha. Kwa nini walishindwa? Kwa sababu hawakuijua ardhi wala mvua, na hawakuona haja ya kumuuliza mwenyeji. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, hasara ikiwa imezidi pauni milioni 35. Reli nayo ikang'olewa miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Baadaye, miaka ya 1960, wapigania uhuru wa Msumbiji walipiga kambi ya mafunzo hapo hapo Nachingwea. Samora Machel aliishi huko na kufundisha huko. Wapiganaji hao hawakwenda Nachingwea kwa adhabu. Walijua wanachokitafuta, nacho wakakipata mwaka 1975. Nachingwea ina chuo cha ualimu pia, kwa hiyo ni mahali panapozaa walimu wa taifa hili.

Ruangwa ni wilaya changa kuliko jirani yake. Ilianza kujitegemea katikati ya miaka ya 1990. Wengi mjini walilisikia jina lake kwa mara ya kwanza kupitia mpira, pale Namungo ilipopanda Ligi Kuu msimu wa 2019/2020, Simba na Yanga zikalazimika kufunga safari kwenda kucheza Uwanja wa Majaliwa. Uwanja huo umepewa jina la Kassim Majaliwa, mzaliwa wa wilaya hiyo, aliyeanza kazi kama mwalimu na kufika kuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2015 hadi 2025. Katika sensa ya mwaka 2012 Nachingwea ilikuwa na watu wapatao 178,000 na Ruangwa 131,000, na tangu hapo wameongezeka. Hao si watu wa kusahauliwa.

Lakini ni watu wenye kalenda yao, na hapa ndipo ugumu wa kazi ulipo. Kusini kuna msimu wa korosho na msimu wa ufuta. Kuna miezi ambayo mzazi huhamia shambani na kumwacha mtoto kwa bibi. Kuna jando na unyago, mambo makubwa ambayo familia hujiandalia kwa muda mrefu na kutumia fedha nyingi. Mwalimu akiingia darasani akakuta nusu ya madawati ni matupu, sababu inaweza kuwa njaa, inaweza kuwa mavuno, inaweza kuwa ngoma, inaweza kuwa mto uliofurika. Kila sababu ina dawa yake. Afisa mgeni atatoa dawa moja tu anayoijua, yaani barua kali kwa wazazi na mgambo wa kuwasaka watoto.

Afisa aliyekaa atafanya tofauti. Atakwenda kwa manyakanga na makungwi mapema, kabla ya ngoma kuanza, wakubaliane kwamba sherehe ziangukie wakati wa likizo. Atamuuliza mtendaji wa kijiji ni lini watu watahamia mashambani, na ni akina nani watakaobaki na watoto. Mapatano ya namna hiyo hayafanywi kwa waraka. Hufanywa chini ya mkorosho, na mtu ambaye wenyeji wamekwisha kumwona msibani akibeba jeneza pamoja nao.

Mtu kama huyo hapatikani kwa siku moja. Mwaka wa kwanza mgeni anauliza. Mwaka wa pili anaanza kuelewa. Mwaka wa tatu ndipo anatengeneza. Sasa ikiwa kila anayeletwa anaondoka mwaka wa pili, wilaya hiyo itakuwa na maafisa wanaouliza siku zote, na haitakuwa na hata mmoja anayetengeneza.

Kwa nini wanaondoka? Tumchukue mtu mmoja wa kufikirika. Ni mwalimu mwenye shahada, ana miaka 45, anafanya kazi katika ofisi ya elimu ya manispaa moja ya Dar es Salaam. Mkewe ana duka la vitenge Mbagala. Nyumba yao ya Chanika imepauliwa lakini haijapigwa lipu. Siku moja anarudi nyumbani na bahasha mkononi.

"Mama Neema, wamenipandisha. Nimekuwa Afisa Elimu wa Wilaya."

"Hongera, Baba Neema! Wilaya gani?"

"Nachingwea."

Mama Neema anakaa kimya kwanza. Kisha anauliza, "Na duka nimwachie nani?"

Wasikilizaji, swali hilo la duka ndilo kiini cha jambo hili. Mama huyu hana dharau kwa Nachingwea. Amepiga hesabu tu. Kwa cheo kile kile, ngazi ya mshahara ni moja, iwe Ilala iwe Nachingwea. Lakini Ilala mume ana mke mwenye kipato, ana nyumba yake, ana chuo cha kujiendeleza jioni, ana hospitali kubwa mtoto akizidiwa usiku. Nachingwea anakwenda kupanga chumba. Posho ya usumbufu, nauli ya familia na gharama za kusafirisha mizigo ni haki yake kwa mujibu wa kanuni, ila kila mwalimu anajua jinsi madai ya uhamisho yanavyoweza kukaa kwenye faili mpaka karatasi inageuka rangi. Basi familia inaamua kama familia nyingi zinavyoamua. Baba atangulie, sisi tutafuata.

Na hawafuati. Baba anaishi kwa begi. Anakula kwa mama lishe. Kila mwisho wa mwezi anatafuta kikao cha Dar es Salaam, na kisipokuwepo anatafuta ruhusa ya ugonjwa wa shangazi. Moyo wake uko Chanika kwenye lipu. Mwaka unapita hajafika Kilimarondo, kwa sababu gari la idara ni bovu, au limechukuliwa na msafara, au mafuta hayapo. Mwaka wa pili rafiki yake mmoja Dodoma anamsaidia, anahama. Shule zimepoteza miaka miwili, na hakuna mtu wa kulaumiwa, maana yeye naye ni binadamu.

Kiti kikibaki wazi anawekwa kaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 hazikusudii mtu akaimu zaidi ya miezi 6, na sababu yake inaeleweka. Kaimu ni mtu aliyepewa usukani bila kupewa leseni. Hathubutu kumhamisha mwalimu mwenye ndugu mkubwa. Hathubutu kumpinga diwani. Analolifanya ni kulinda kiti kisianguke, akisubiri ama athibitishwe ama aje mwenyewe.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani kuna wilaya za elimu zipatazo 13,000, na nyingi ni za miji midogo mno, yenye shule mbili tatu. Huko kwa kawaida wananchi huchagua bodi ya elimu, na bodi ndiyo inayomtafuta na kumwajiri mkuu wa elimu kwa mkataba wa miaka. Mji mdogo ukimtaka mtu hautumi barua, unambembeleza. Unamkaribisha yeye na mwenza wake, unawatembeza, walimu na wazazi wanamhoji, na yeye anawahoji wao. Hata hivyo nao wana shida zao. Mji mdogo hauna fedha za kushindana na mji mkubwa, na mkuu wa elimu katika wilaya ndogo hujikuta wakati mwingine ni mwalimu mkuu vile vile. Isitoshe, si majimbo yote yanayofanya hivyo. Jimbo la Hawaii lina wilaya moja tu ya elimu kwa visiwa vyote, na mambo yanaongozwa kutoka katikati, karibu na tunavyofanya sisi.

Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi, iliamua mwaka 2006 kuwalipa walimu wa shule za mbali posho ya mazingira magumu ya kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara. Walimu wenye sifa wakaanza kukubali kwenda huko. Jirani zetu wa Kenya nao wana posho ya mazingira magumu. Lakini Kenya inatufundisha jambo jingine pia. Kuanzia mwaka 2018 Tume ya Kuajiri Walimu ya nchi hiyo iliwahamisha walimu wengi, hasa wakuu wa shule, kutoka katika kaunti zao za kuzaliwa, kwa nia ya kuwachanganya watu. Manung'uniko ya familia zilizotenganishwa yakawa makubwa hata sera ikawa jambo la kampeni, na mwaka 2023 walimu wakaanza kurudishwa makwao. Nia ilikuwa njema. Mke na watoto hawakuwamo katika hesabu.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Katika afya, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa jina la Rais Mkapa, mwana wa Lupaso huko huko Kusini, ilipeleka waganga na wauguzi katika wilaya zenye mazingira magumu kwa mikataba ya muda maalumu, na ikajenga nyumba za watumishi. Kumbe inawezekana. Aliyeambiwa atakaa muda gani, atalala wapi, na baadaye atakwenda wapi, anakwenda.

Basi tufanye nini kwa Nachingwea na Ruangwa, na kwa wilaya zote za namna hiyo? Mimi naona mambo matano.

La kwanza halina gharama. Tuache kuwapeleka watu huko kwa adhabu. Aliyeharibu kazi aadhibiwe hapo hapo alipoharibu, kwa kanuni zilizopo. Na kwenda wilaya ngumu kuwe sifa katika faili la mtu. Aliyeiongoza vizuri elimu ya Ruangwa kwa miaka minne awe mbele ya mwenzake wa mjini vyeo vya mkoa na vya taifa vinapogawiwa. Watumishi wakiona hivyo mara tatu nne, barua za kuomba kwenda zitaanza kuandikwa.

La pili ni nyumba na gari. Halmashauri za Kusini hupata ushuru wa korosho na ufuta. Nyumba moja ya heshima kwa mkuu wa elimu hujengwa mara moja na hukaliwa na maafisa kumi kwa zamu. Gari la elimu liwe la elimu. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunamleta mgeni wetu, siku ya tatu tunamwambia ajitafutie jembe mwenyewe.

La tatu ni muda. Mtu aambiwe wazi kwamba utakaa miaka minne, hutaondolewa kabla bila sababu ya maandishi, na ukimaliza utapewa nafasi ya kuchagua. Asiyejua mwisho wa safari hawezi kupanga chakula cha njiani.

La nne ni mwenza wake. Kama mke au mume ni mtumishi wa umma, barua mbili zitoke siku moja. Kama ni mfanyabiashara kama Mama Neema, Halmashauri imsaidie kupata fremu sokoni. Nachingwea wanavaa vitenge, na msimu wa korosho wanavinunua kwa wingi. Huenda biashara ya huko ikashinda ya Mbagala, lakini hawezi kuijua kabla mtu hajamwonyesha.

La tano, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kuwatafuta watu walio karibu. Katika kila wilaya wako walimu wakuu na maafisa elimu wa kata wanaoijua kalenda ya watu wao, wanaopanda pikipiki kwenye tope, na ambao wazazi huwasikiliza. Waandaliwe. Wapelekwe vyuoni wakiwa vijana, wawekwe chini ya afisa mzoefu, wajifunze makadirio na sheria. Najua pingamizi litakalokuja. Watu watasema mwenyeji ataendesha ofisi kwa udugu. Pingamizi hilo ni la kweli, na jibu lake liko jirani. Mtu wa Nachingwea aongoze Ruangwa, na wa Ruangwa aongoze Nachingwea. Kila mmoja anaujua mkorosho, anaijua ngoma, anaijua lugha ya mwenzake ya utani, lakini hana shangazi katika kila shule. Kwao si mbali, hivyo akisikia msiba anakwenda na kurudi. Na madiwani pamoja na walimu wakuu wa wilaya wapewe nafasi ya kuyaona majina mawili matatu na kusema neno kabla ya uteuzi. Si lazima wao ndio waamue. Waulizwe tu. Waingereza wa karanga hawakuuliza.

Kuna msikilizaji wa Kariakoo au Manzese ambaye atasema, haya yananihusu nini mimi? Nitamjibu kwa neno moja analolitamka kila siku, machinga. Neno hilo tunalowaitia vijana wanaouza mitumba na soksi mikononi linatokana na jina la watu wa Lindi. Vijana wa Kusini walikuja mjini kujitafutia riziki kwa miguu, mpaka jina lao likawa jina la kazi. Kazi yao ni halali na wameifanya kwa heshima. Lakini wengi hawakuichagua kati ya kazi tano. Walikuja nayo tu, kwa sababu mlango wa shule ulifungwa mapema. Shule ya Nambilanje isipokuwa na mwalimu, mwisho wa hesabu hiyo unaonekana hapa kwetu, kwenye taa za barabarani, jua la saa saba, kijana ameshika mashati matatu.

Kwa hiyo safari ijayo ukimsikia mkubwa anamwambia mtumishi, "Utapelekwa Nachingwea," usicheke. Muulize mkubwa huyo, watoto wa Nachingwea wamekukosea nini?